Barua ya wazi kwa Kamati ya Kitita cha Mafao: tuonyesheni hesabu ya watoto wetu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kitita cha Mafao,
Mfuko wetu wa Bima ya Afya.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUKATALIWA KWA DAWA YA HAIDROKSIUREA KWA HESABU AMBAYO HATUJAIONA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la mfuko nimeliacha makusudi. Wahusika mnajijua, na mengi ya nitakayosema yanazihusu pia kamati nyingine zinazokaa vikao kama vyenu. Mimi ni mhasibu kwa taaluma, mama wa mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu), na katibu wa wazazi wenzangu tunaokutana kliniki hapa Mwanza. Tuliomba jambo moja: haidroksiurea, kidonge cha kupunguza makali ya selimundu, pamoja na kipimo cha damu cha kuifuatilia, viingizwe kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko hulipia. Barua ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Tukakumbusha. Tukaambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, kisha mkubwa yuko safarini. Hatimaye tukaletewa aya moja tu, kwamba dawa hii haikukidhi kigezo cha thamani kwa gharama kwa kipimo cha QALY. Hapakuwa na namba hata moja. Tulipoiomba hesabu yenyewe tukajibiwa kuwa ni nyaraka ya ndani. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kwa faida ya wanachama wenzangu watakaosoma, QALY ni mwaka wa maisha uliorekebishwa kwa ubora. Unachukua miaka ambayo mgonjwa ataishi, unaizidisha kwa alama ya hali yake. Afya kamili ni 1, kifo ni 0, na zipo hali ambazo watu huzipa alama ya chini ya sifuri. Aliyeishi miaka 10 katika hali yenye alama 0.7 anahesabiwa QALY 7. Kisha unauliza: dawa mpya inaongeza QALY ngapi kuliko matibabu ya sasa, na inaongeza shilingi ngapi? Unagawanya shilingi kwa QALY. Jibu likiwa chini ya kikomo mlichojiwekea, dawa inalipiwa. Likizidi, mgonjwa anajitegemea.

Sipingi kupima, na hili nataka lieleweke mapema. Fedha za mfuko ni michango yetu, haziwezi kulipia kila kitu, na lazima awepo mtu wa kuchagua. Afadhali achague kwa hesabu kuliko kwa kujuana. Ila nimekagua vitabu vya hesabu miaka mingi, na najua kwamba kugawanya ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye namba zinazoingizwa. Kila moja ina mtu aliyeiamua, na mtu huyo anapaswa kuulizwa. Maswali yetu ni haya.

1. Alama mlizotumia ni za nani?

Dodoso linalotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni EQ-5D. Lina maswali matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Tafsiri za Kiswahili zipo, kwa hiyo kuuliza si tatizo. Tatizo ni jinsi majibu yanavyogeuzwa kuwa alama, kwa sababu hapo hutumika maoni ya wananchi wa nchi fulani. Alama za Uingereza zilizotumika kwa miaka mingi zilitokana na mahojiano ya mwaka 1993 na watu wapatao 3,000. Waliulizwa wangekubali kupoteza miaka mingapi kati ya 10 ili waepuke hali fulani ya ugonjwa. Zimbabwe walihoji wakazi wa Harare wakapata alama zao, na tafiti nyingi za nchi nyingine za Afrika zimeziazima. Baadaye Ethiopia nao wakafanya, na majirani zetu Uganda pia.

Sasa, mkazi wa London mwenye lifti na maji ya moto bafuni anapopima uzito wa "nina shida kidogo ya kutembea", hapimi kile anachopima mtu anayepanda mawe ya Bugarika hapa Mwanza na ndoo kichwani. Inawezekana wote wawili wangetoa alama ileile. Sijui, na ninyi pia hamwezi kujua bila kuuliza. Tunachoomba kwanza ni mtaje tu: mlitumia alama za Waingereza, za Harare, za Uganda, au za nani?

2. Dodoso linauliza hali ya leo

Hapa ndipo penye uzito wa barua hii, nitakaa kidogo.

EQ-5D humtaka mtu aeleze afya yake ya leo. Kwa mwenye goti bovu inafaa, maana goti la leo ndilo la jana na la kesho. Selimundu haiendi hivyo. Inakuja usiku wa baridi, au baada ya mechi ya chandimu, au baada ya siku mbili za homa. Mtoto analala salama, saa nane anaamka analia mguu, alfajiri mko wodini anawekewa dripu. Siku nne tano, wiki pengine, kisha anarudi nyumbani, anarudi shule, na anayemwona anasema huyu mbona mzima.

Siku ya kliniki sasa. Mtoto ameogeshwa, amepakwa mafuta, amevaa shati la Idi au la Krismasi. Ukimleta akiwa amebanwa na maumivu anapelekwa moja kwa moja wodini, hapangi foleni ya kliniki. Kwa hiyo wanaokutwa kwenye benchi na muuliza maswali ni wale ambao siku hiyo wako vizuri. Anaulizwa: leo una maumivu? Anajibu: hapana. Kutembea? Natembea. Alama inatoka karibu na 1, na anayesoma jedwali ofisini anaona watoto ambao dawa haina cha kuwaongezea.

Kuna la pili ndani ya hilohilo. Watoto hawa wamezoea. Nilimsikia mmoja wao, anachechemea mbele ya macho yangu, akimwambia nesi "inauma kidogo tu". Hakudanganya. Kipimo chake cha "kidogo" kimejengwa na usiku ambao mimi na wewe tungeuita mwisho wa dunia. Wachumi wa afya wanalijua jambo hili kwamba mgonjwa wa muda mrefu huipa hali yake alama ya juu kuliko mtu asiyeumwa anayeifikiria tu kwa mbali. Linajulikana, basi linatakiwa lionekane kwenye ripoti kwamba limefikiriwa.

Na dodoso la kawaida ni la watu wazima. La watoto lipo, EQ-5D-Y, limetolewa tangu mwaka 2010. Je, mlitumia lipi? Na siku za wodini mlizihesabu, au mliacha benchi la kliniki lizungumzie mwaka mzima?

3. Mtoto na thamani ya sasa

Kama ilivyo kwa fedha, hesabu hizi hupunguza thamani ya mambo ya baadaye. Uingereza kwa kawaida hutumia asilimia 3.5 kwa mwaka, na wengi huku kwetu hutumia asilimia 3. Kwa asilimia 3, mwaka mzima wa afya njema utakaopatikana baada ya miaka 20 unahesabiwa 0.55. Baada ya miaka 30 ni 0.41, baada ya miaka 40 ni 0.31. Kwa babu wa miaka 70 mambo haya hayana athari kubwa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, sehemu kubwa ya maisha ambayo dawa inampa imekwisha kukatwa kabla hamjaanza kujadili.

Sisemi msipunguze kabisa. Nauliza mlipunguza kwa kiasi gani, na zaidi ya hapo, hesabu yenu iliishia mwaka wa ngapi. Kama mlikokotoa kwa miaka mitano kwa sababu mpango wa fedha wa mfuko ni wa miaka mitano, basi mtoto aliyeokolewa mwaka wa nne ameingia kwenye vitabu vyenu na mwaka mmoja na kitu, na maisha yake yote yaliyobaki hayana mstari. Mkaguzi angeirudisha hesabu ya namna hiyo siku hiyohiyo.

4. Upande wa gharama

Mnapoandika bei ya dawa, mnaandika pia gharama ambazo dawa inawaepusha kulipa?

Utafiti mkubwa uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda uliwapa haidroksiurea watoto 606 wenye umri wa mwaka 1 hadi 10. Matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Ukichukua watoto 100 kwa mwaka mmoja, vipindi vya maumivu makali vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Malaria ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Hiyo ya damu isomeni mara mbili. Kitita chenu kinalipia kulazwa. Kinalipia kuongezewa damu na vipimo vyake vyote. Hakilipii kidonge kinachopunguza kulazwa na kuongezewa damu. Malaria nayo mnailipia. Kama haya yote yaliingia kwenye hesabu na bado jibu likawa "haifai", nitashangaa, lakini nitaisoma kwa heshima. Kama hayakuingia, basi mlichokipima ni bei ya dukani.

Na watoto hawa si wachache. Makadirio yanayotajwa na wataalamu wetu ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu mwaka 2004, chini ya kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Takwimu za nyumbani zipo. Hakuna haja ya kubahatisha.

5. Kikomo

Ni shilingi ngapi kwa QALY moja, na nani aliipitisha? Kwa miaka mingi nchi zetu ziliazima kanuni iliyohusishwa na Shirika la Afya Duniani, ya mara moja hadi mara tatu ya pato la taifa kwa kila mtu. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika hilohilo waliandika kuonya kwamba kanuni hiyo isitumike peke yake kuamua. Basi kama mnatumia hiyo, semeni. Kama mna yenu, itajeni.

6. Mama hayumo

Mwenzetu mmoja anauza dagaa mwaloni Kirumba. Mtoto akilazwa, meza inafungwa, na mtaji unaliwa wodini. Kwenye hesabu yenu yeye hana hata desimali.

7. Maisha yenye alama ndogo

Hili ni gumu zaidi kulisema. Mtu ambaye alama yake ni 0.6, ukimwongezea mwaka wa kuishi, hesabu inasema umeongeza 0.6. Mwenye afya kamili ukimwongezea mwaka huohuo, umeongeza 1. Kwa maana hiyo, mwenye ulemavu au ugonjwa usiopona anaanza mbio akiwa nyuma ya mstari, na kosa lake ni kuumwa. Si mimi wa kwanza kuliona. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliukataa mpango wa jimbo la Oregon wa kupanga matibabu kwa madaraja, kwa hoja ya haki za watu wenye ulemavu, na sheria yao ya afya ya mwaka 2010 ikaizuia bima ya wazee kutumia kikomo cha QALY kuamua kipi kilipiwe.

Waingereza hawakuitupa QALY. Taasisi yao ya NICE, inayopima dawa zipi zilipiwe na iliyoanza mwaka 1999, imeendelea nayo, lakini tangu mwaka 2022 ugonjwa mkali zaidi huongezewa uzito, mara 1.2 au mara 1.7. Ninyi mna marekebisho gani ya namna hiyo? Au 0.6 inabaki 0.6?

Ndugu Mwenyekiti, najua majibu yanayokuja, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema bajeti ni ndogo. Kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kupima vizuri. Mwenye fedha nyingi anaweza kukosea hesabu na asiumie. Mfuko wetu hauwezi.

Mtasema haya ni mambo ya kitaalamu, wazazi hatutayaelewa. Wazazi hawa wanajua kukadiria dozi kwa kilo za mtoto. Wanasoma majibu ya picha ya damu, wanajua himoglobini ya mtoto wao ilikuwa ngapi mwezi wa tatu na imekuwa ngapi mwezi wa sita. Jedwali la kurasa mbili haliwezi kuwashinda. Likiwashinda, mimi nitawasomea.

Mtasema mkiweka hesabu wazi, kila kundi la wagonjwa litakuja kudai. Waje. NICE huweka karatasi za vikao vyake mtandaoni, huwaita wagonjwa wazungumze mbele ya kamati, na asiyeridhika ana njia ya kukata rufaa. Kwa selimundu hiyohiyo, Machi 2024 walitoa rasimu ya kukataa tiba mpya ya jeni yenye bei ya orodha ya pauni milioni 1.65 kwa mgonjwa mmoja. Sababu za kukataa zikachapishwa, watu wakazijibu hoja kwa hoja, takwimu zikaongezwa, punguzo la bei likajadiliwa. Januari 2025 tiba ikakubaliwa. Ninachoomba mimi ni kidonge ambacho kimetumika kwa selimundu kwa miongo kadhaa. Ila utaratibu wa kujibizana kwa hoja unafaa kwa kidonge kama unavyofaa kwa jeni.

Na mtasema takwimu hazitoshi. Hapo sitabisha sana, kwa sababu hazitoshi popote. Lakini takwimu zisipotosha, ripoti ya kweli hutoa jibu la chini, la kati na la juu, na husema ni namba gani ikibadilika jibu linageuka. Barua yenu haikuwa na shaka yoyote. Ilisema tu dawa haikidhi.

Tunachoomba, kwa maandishi:

(a) Mchapishe hesabu iliyotumika kuikataa haidroksiurea: alama na nchi zilikotoka, dodoso na umri wa waliohojiwa, idadi ya miaka, asilimia ya punguzo, gharama zilizoingia na zilizoachwa, na kikomo.

(b) Hesabu irudiwe, safari hii siku za wodini zikiwemo, na damu na malaria vikiwa upande wa pili wa vitabu.

(c) Wakati mnairudia, watoto ambao tayari wameanzishiwa dawa na madaktari wao walipiwe. Kuna wazazi wanaonunua vidonge vya wiki moja moja, na wiki ya nne wanaruka. Hili halisubiri kikao.

(d) Kamati iwe na viti viwili vya wagonjwa au walezi wao, wenye haki ya kupiga kura. Kutuita kusikiliza tu hakutoshi.

(e) Kila anayekataliwa apewe sababu zenye namba, na awe na mahali pa kukata rufaa nje ya kamati iliyomkatalia.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawaleta Watanzania wengi zaidi kwenye vitita. Watu ambao hawajawahi kushika kadi ya bima wataamuliwa mambo yao kwa majedwali kama haya. Ni vizuri utaratibu ukawekwa sasa, kabla mafaili hayajawa marefu kuliko meza.

Tunaomba majibu ndani ya siku 30. Tuko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayopanga, isipokuwa Alhamisi, ambayo ni siku ya kliniki. Kama mmoja wa wachumi wenu angependa kuja Alhamisi hiyo akae nasi kwenye benchi, kisha apande nasi wodini, atakaribishwa pia. Aje na dodoso lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wazazi wa watoto wenye selimundu,
Mwanza.

Nakala: Wanachama wote wa mfuko.